Naombeni ushauri: jedwali lina vichwa vya ngazi mbili, na msomaji wangu haoni

Karani_Takwimu
Wakuu, habari za kazi. Niko halmashauri moja huku bara, nashika takwimu za elimu msingi. Kila robo mwaka naandaa taarifa yenye jedwali moja kubwa: kata 14 kwenda chini, darasa la kwanza hadi la saba kwenda kulia, na kila darasa limegawanywa wavulana, wasichana na jumla. Ukiongeza kolamu ya majina ya kata, zinakuwa kolamu 22. Juu nimeunganisha seli tatu tatu nikaandika "Darasa la Kwanza", "Darasa la Pili" na kuendelea, halafu chini yake "Wav", "Was", "Jml". Limekaa vizuri, bosi hulisifia.

Mwezi uliopita tumeletewa afisa wa elimu maalumu ambaye haoni. Anatumia NVDA, programu ya kompyuta inayomsomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini, na kwa kuchapa ananiacha mbali. Nikamtumia taarifa kwa PDF. Kesho yake akaniita mezani kwake akanisikilizisha: "Kolamu ya 11, 38. Kolamu ya 12, 41. Kolamu ya 13, 79." Akaniuliza, "Karani, hawa 41 ni akina nani?" Nikatupia jicho skrini nikamjibu palepale: wasichana wa darasa la nne. Akasema, "Umejuaje?" Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba nimeona juu.

Natumia Word. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Kijiweni
Si umsomee tu, mkuu? Dakika kumi kazi imekwisha. Mnapenda kujitafutia kazi.

NuktaNundu6
Mzee wangu, shikamoo. Hivi hati yako ya mshahara huwa unasomewa na nani?

Karani, mimi pia sioni, na hicho ulichosikilizishwa nakisikia kila wiki. Ngoja nikueleze tunavyosoma. Wewe jedwali unaliona lote kwa mpigo, mimi nipo ndani ya seli moja tu. Nabonyeza Ctrl na Alt pamoja na mshale, nahamia seli ya jirani. Nikienda kulia, jedwali likiwa limetengenezwa vizuri, programu inanitajia kichwa cha kolamu kisha namba. Nikishuka, inanitajia jina la kata. Kwa hiyo kichwa lazima kiifuate kila namba inakokwenda. Lako vichwa vimebaki juu kama picha ukutani.

Na hizo seli ulizounganisha ndiyo balaa lenyewe. Kwenye mstari wa juu zipo seli 8, chini yake 22. Nikipanda kutoka kwenye 41 kutafuta kichwa, naweza kuangukia darasa jingine kabisa.

FundiFaili
Nakazia hapo. Word haina mahali pa kuiambia kwamba kichwa hiki cha juu kinatawala kolamu hizi tatu. Kwenye ukurasa wa wavuti inawezekana, kwa sababu kila kichwa unakiandikia kinatawala nini. Kwenye PDF pia inawezekana ukiwa na programu ya kuhariri lebo, yaani alama za ndani zinazoonyesha kipi ni kichwa na kipi ni seli, ila kwa kolamu 22 utalala ofisini. Kwa hiyo ua ngazi moja ya vichwa.

Ukishabaki na mstari mmoja wa vichwa, bofya ndani ya jedwali, nenda kwenye kichupo cha muundo, weka tiki kwenye mstari wa vichwa na kwenye kolamu ya kwanza. Halafu kwenye sifa za jedwali, weka mstari huo ujirudie kila ukurasa. Kukoleza wino si kuweka kichwa, hapo wengi tunajidanganya.

Na PDF uliitengenezaje? Kama ulipitia njia ya kuprinti, ulichomtumia ni karatasi tu. Hifadhi moja kwa moja kama PDF, ingia kwenye chaguo zake, hakikisha lebo za muundo wa hati zimewekewa tiki.

Karani_Takwimu
Nilipitia njia ya kuprinti, mkuu. Miaka yote.

BintiTanga
Mimi ningeliondoa jedwali lote niandike maelezo. "Kata inayoongoza ni fulani, wasichana wamezidi wavulana madarasa fulani." Msomaji anapata picha nzima bila kuhangaika na mishale.

NuktaNundu6
Dada, nia yako njema, ila hapo umenichagulia cha kujua. Mimi nataka namba zenyewe nichague mwenyewe kata ya kuuliza. Hizo sentensi mbili tatu weka kabla ya jedwali: lina kata ngapi, kolamu zimepangwaje, nini kimejitokeza. Zinanisaidia sana kujua naingia nyumba ya namna gani. Lakini nyumba usiibomoe.

BintiTanga
Sawa kaka, nimekuelewa. Basi alivunje vipande vitatu: jedwali la wavulana, la wasichana, la jumla. Kila moja kata kwa darasa, kolamu 8 tu, kichwa kimoja.

FundiFaili
Hapo umepiga penyewe. Ila akitaka kulinganisha wavulana na wasichana wa darasa moja itabidi aruke jedwali hadi jedwali. Njia nyingine ni kubaki na jedwali moja, kila kolamu ikabeba jina kamili: "Wavulana 4", "Wasichana 4", "Jumla 4".

NuktaNundu6
Kwangu mimi, matatu. Kolamu 22 kwa mshale ni safari, ukifika darasa la saba umeshasahau la pili. Shuleni mstari wa nukta nundu, maandishi yetu ya kupapasa, ulibeba kama herufi 40 tu, kwa hiyo jedwali pana lilikatwa vipande tangu enzi hizo na tulifaulu. Ila usinisikilize mimi, muulize afisa wako. Huenda kazi yake ni hiyohiyo ya kulinganisha jinsia.

Kichwa kiwe kifupi, maana nitakisikia kila nikipita. Ukiandika "Idadi ya wanafunzi wa kike waliosajiliwa darasa la nne" mbele ya kila namba, nitakuchukia. Seli tupu usiache. Tupu ni sifuri, au kata haijaleta taarifa? Andika. Kistari mara nyingi hakisomwi. Na kama umepaka rangi nyekundu kata zilizoshuka, huo wekundu mimi siuoni, weka neno.

Mwisho, weka lugha ya hati iwe Kiswahili. NVDA inakuja na sauti ya eSpeak NG, na Kiswahili kimo. Hati ikiwa imeandikwa ni ya Kiingereza, "wavulana" inatamkwa kama mzungu aliyeshuka leo uwanja wa ndege, namba ndiyo inakuja "thati eiti".

FundiFaili
Kuna kikaguzi cha bure kinaitwa PAC, ukipitishia PDF yako kinaonyesha lebo zilizokosekana. Kitakwambia kama vichwa vipo, hakitakwambia kama vina maana. NVDA yenyewe ni bure pia, aliianzisha Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, mwaka 2006, kisha mwenzake James Teh, naye haoni, akaungana naye. Pakua, zima skrini, jaribu mwenyewe.

Karani_Takwimu
Wakuu, mrejesho. Nimemuuliza afisa, amechagua jedwali moja kwa kila darasa: kata, wavulana, wasichana, jumla. Majedwali saba, kolamu nne nne. Hilo hatukulitaja hapa hata mmoja wetu. Anasema anafuatilia wasichana wanapoanza kupungua, kwa hiyo anafungua darasa analolitaka na mengine anayaacha.

Nimeweka NVDA nikazima skrini. Nilipotea ndani ya jedwali langu la zamani kama dakika tano, hadi kijana wa mapokezi akanicheka. Kwenye jipya nilisikia "Wasichana, 41" nikatabasamu peke yangu. Kuna seli mbili nilikuwa nimeacha tupu, na hata mimi sikumbuki kwa nini. Nimepiga simu kwenye hizo kata.

Bosi ameng'ang'ania lile la rangi kwa ajili ya kikao. Namba zote ninazo kwenye faili moja la Excel, nalitoa humohumo, anapata lake na afisa anapata lake. Sasa kuna grafu nne ukurasa wa tisa...

NuktaNundu6
Fungua uzi mwingine, mkuu. Huu tumeshachoka.