Mjadala wa Lubumbashi, Kongo: Sheria ya kumfunga mtu haikulala, ya kumlinda inalala. Kwa nini?

Kaka wa Katuba: Jambo wote. Mtoto wa dada yangu alikamatwa Ijumaa jioni, kosa lake hatujaambiwa hadi leo. Alitoka kasho (chumba cha mahabusu) Jumanne, tulipokwisha kutafuta pesa. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 18, inasema: ndani ya saa 48 umwachilie au umkabidhi kwa mamlaka ya sheria, na aambiwe sababu kwa lugha anayoisikia.

Siku zile za kungojea nilisoma sheria za watumwa. Zile hazikulala hata kidogo, maana zilimlipa mwenye kuzitekeleza. Virginia huko Marekani, 1705: ukimkamata mtoro aliye mbali na kwake maili 10 au zaidi, unapewa ratili 200 za tumbaku. Marekani tena, 1850: kamishna wa kesi za watoro akiamua mtu arudishwe kwa bwana wake anapata dola 10, akimwachilia anapata 5. Afisa anayekataa kukamata, faini dola 1,000. Sasa mniambie, aliyemshika mtoto wetu angepata nini kwa kumwachilia saa ya 47?

Avoka (wakili) wa Kamalondo: Pole kwa mtoto, kaka. Lakini usichanganye sumu na dawa iliyoisha nguvu. Sheria ya Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, juu ya watumwa, ile ya 1685, kifungu cha 44, ilimhesabu mtumwa kama mali ya kuhamishwa, sawa na kiti. Akitoroka mwezi mzima, akatwe masikio na kuchomwa alama begani. Yaani aliyekimbia ndiye mhalifu. Kwetu, kifungu cha 16 cha Katiba kinakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, na anayemfunga mtu ovyo ndiye mhalifu: kanuni ya adhabu, kifungu cha 67, mwaka 1 hadi 5 gerezani. Silaha unayo. Umeipeleka parke, kwa waendesha mashtaka?

Kaka wa Katuba: Niipeleke kwa nani, avoka? Kwa watu wanaokunywa chai pamoja na aliyemfunga?

Mwalimu wa Ruashi: Avoka, ukiisoma sheria ile ya 1685 uisome yote. Ilikuwa na huruma pia! Kifungu cha 22 kilimpimia mtumwa unga wa muhogo na nyama ya chumvi kila wiki. Cha 26 kilisema asipolishwa anaweza kumshitaki bwana wake kwa mwendesha mashtaka wa mfalme. Geuza ukurasa: cha 30, neno la mtumwa si ushahidi. Basi mlango umefunguliwa na mtu amefungwa mdomo. Mimi naiogopa huruma ya namna hiyo kuliko ukali wenyewe, kwa sababu mwenye kuiandika analala usingizi mzuri.

Na si mbali na hapa. Mkataba wa koloni ya Wabelgiji wa 1908, kifungu cha 2, ulikataza kumlazimisha mtu afanye kazi kwa faida ya kampuni. Maandishi mazuri. Miaka 2 baadaye ikaja kodi ya kichwa, ilipwe kwa pesa. Pesa ziko wapi kijijini? Ziko kwenye shaba. Hakuna aliyelazimishwa, wazee wetu walijikuta tu wako Union Minière, kampuni ya shaba. Desemba 1941 walipogoma kudai mishahara, walipigwa risasi hapa hapa mjini. Kile kifungu cha 2 kilikuwa bado kipo, hakikufutwa.

Avoka wa Kamalondo: Mwalimu, hapo umenipata nusu. Lakini tukisema karatasi haina maana, tunamsaidia nani? Yule anayefunga watu kasho angefurahi sana kusikia hivyo. Mimi mwenyewe nimetoa watu ndani kwa kukitaja kifungu cha 18 tu, kwa sauti, mbele ya watu wengine. Si kila mara. Lakini nimewatoa.

Kaka wa Katuba: Kwa sauti na kwa Kifaransa.

Mama wa soko ya Kenya: Baba zangu, mimi nauza samaki hapa mtaani Kenya, samahani nikiingia. Huyu wa jeto, mtoza ushuru wa soko, akinipokonya bakuli anasema “ni sheria”. Namwambia nionyeshe. Ananionyesha Kifaransa. Mimi masomo niliacha mwaka wa nne. Sasa ninyi mnabishana vifungu, nani alitusomea?

Mwalimu wa Ruashi: Mama, umegusa donda. Kule South Carolina, Marekani, mwaka 1740, baada ya watumwa kuasi pale Stono (wengi wao walitoka upande wa Kongo), ilitungwa sheria ya kumtoza pauni 100 anayemfundisha mtumwa kuandika. Walijua wanachofanya. Kwetu ni kinyume: Katiba, kifungu cha 142, inaiagiza serikali kueneza kila sheria katika lugha nne za taifa ndani ya siku 60. Kiswahili kimo.

Mama wa soko ya Kenya: Siku 60 tangu lini?

Mwalimu wa Ruashi: Tangu sheria itangazwe, mama.

Mama wa soko ya Kenya: Mimi niko sokoni mwaka wa kumi na tisa. Avoka, hicho cha 67, kiandike hapa kwa Kiswahili chetu, kifupi. Nitampa mtoto akinakili kwenye katoni, nikitundike juu ya samaki.

Avoka wa Kamalondo: “Anayemkamata au kumfunga mtu yeyote bila haki, kwa nguvu, kwa hila au kwa vitisho, atafungwa mwaka 1 hadi 5.”

Mama wa soko ya Kenya: Na bakuli? Bakuli liko kifungu cha ngapi?

Avoka wa Kamalondo: Bakuli ni kifungu kingine, mama. Nipe mpaka kesho.