Mliowahi kuuguza baba aliyepooza, tupeane uzoefu (sisi tuko mwezi wa saba, Ujiji)

Mleta mada

Habarini ndugu zangu. Naweka hapa habari ya nyumbani kwetu, nanyi mniwekee za kwenu.

Mzee wangu ana miaka 64, ni fundi wa mitumbwi na maboti. Kazi yake yote ameifanyia Kibirizi tangu sijazaliwa. Alfajiri moja mwezi Novemba alishindwa kuvaa kanzu aende kuswali. Mama alimkuta amekaa kitandani, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia unaning'inia, sauti inatoka lakini si maneno.

Kosa letu nalisema mapema ili mwingine asilirudie: tulikaa naye nyumbani siku mbili. Shangazi alisema ni upepo, akaletwa mtu wa kumsomea. Kisomo sikilaumu, tunaendelea nacho mpaka leo kila Alhamisi usiku. Lakini kilitakiwa kisomwe akiwa tayari yuko wodini. Tulipofika hospitali presha ilisoma 210 kwa 120. Picha ya kichwa ilionyesha ni kiharusi, mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Kwa watu wengi, na maneno nayo yanakaa huko huko.

Wodini tulikaa wiki tatu. Tukarudi nyumbani tukidhani shughuli imeisha, kumbe ndiyo inaanza.

Jambo la kwanza lililotushinda halikuwa dawa wala chakula. Lilikuwa kuoga. Tumezaliwa mabinti watatu na kaka wawili, kaka mmoja yuko Dar, mwingine yuko kwenye kambi za dagaa huko kusini. Mama magoti yanamsumbua, hawezi kumwinua mtu. Siku ya kwanza mimi na dada tulipoingia na beseni, baba alishika shuka kwa mkono wa kushoto akaing'ang'ania, machozi yanamtoka. Tulitoka. Nilikaa kibarazani nikalia na mimi, maana nilielewa. Aliyetuokoa ni mtoto wa dada, yuko kidato cha tatu. Babu na mjukuu wana utani wao. Anaingia na maji, anamwambia, "Oga upesi, mke wetu anasubiri chai." Baba akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. Tangu siku hiyo kuoga hakujawa tatizo.

Neno la kwanza lilikuja wiki ya sita. Mtoto wa jirani alipita akasema, "Shikamoo babu." Baba akajibu, "Marahaba." Safi kabisa, kama hajawahi kuugua. Mama aliangusha upawa. Tukadhani maneno yamerudi yote, tukamzunguka: baba, sema maji, sema jina langu. Hakuna kilichotoka, akakasirika akageukia ukutani. Baadaye tukagundua kwamba Alhamdu anaisoma mwanzo hadi mwisho, na anahesabu moja hadi ishirini, lakini hawezi kuomba maji. Kliniki walituambia ndivyo ilivyo, kwamba maneno ya mazoea ya miaka mingi huwa yanatangulia, yale ya kutafuta kichwani yanachelewa. Wakatwambia tuanzie hapo hapo, tumsalimie kila anayeingia ndani, tuhesabu naye, na tumpe muda wa kutosha bila kumdakia neno mdomoni.

Mazoezi tulikuwa tunaenda mara tatu kwa wiki, bajaji elfu sita kwenda na kurudi. Mwezi wa pili hela ikakata. Tukaenda mara moja, siku zilizobaki nyumbani. Wenzake wa Kibirizi waliposikia walikuja Ijumaa baada ya swala na mbao, nyundo na misumari, wakajenga uani reli mbili za kushikilia, urefu wa hatua kumi. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti anawatazama. Walipomaliza akanyoosha mkono wa kushoto akagusa kiungo kimoja, akatikisa kichwa. Wakakibomoa wakakirudia.

Leo anatembea kutoka mlangoni hadi jikoni, mmoja wetu akiwa upande wake wa kulia. Vidole bado vimejikunja. Shida yangu ni hii: tangu mwezi wa tano wa ugonjwa sioni kinachosogea. Usiku analia, na mimi sina la kumwambia. Nyinyi mlipitaje kipindi hicho?

Dada wa Isevya, Tabora

Pole sana ndugu yangu, nimesoma la beseni nikasimama kidogo.

Sisi tulichoteleza ni mgongo. Baba alikuwa mzito, tukawa tunamlaza chali tunamwacha apumzike. Wiki ya pili mama akaona wekundu juu ya makalio, tukapaka mafuta tukaendelea. Siku nne baadaye ngozi imefunguka. Kidonda kile kilichukua miezi mitano kufunga, na miezi hiyo mitano hakufanya zoezi la maana kwa sababu kukaa kulimuuma. Ukiniuliza nini kilimchelewesha baba yangu, sitasema kiharusi, nitasema kidonda.

Baada ya hapo tukawa tunamgeuza kila saa mbili, usiku na mchana, alamu ya simu inalia. Mto katikati ya magoti, mto mwingine chini ya muundi ili visigino visiguse godoro. Tulipanga zamu, na hapo ndipo undugu ulipojulikana. Kuna aliyesema, "Mimi nitatuma hela." Alituma kweli, Mungu amlipe. Lakini hela ya simu haimgeuzi mgonjwa saa nane usiku. Tulimwambia hivyo kwenye kikao cha familia, kwa heshima, mbele ya baba mdogo. Akaomba likizo akaja wiki mbili. Aliporudi kwake hakuuliza tena kwa nini mama amekonda.

Kuhusu kulia usiku, mweleze daktari. Kwa baba ilikuwa huzuni kweli, ugonjwa juu ya ugonjwa, alipewa dawa yake na usingizi ukarudi. Sisi tulidhani ni kukata tamaa tu, tukawa tunamhubiria.

Mtaalamu wa mazoezi tiba

Mleta mada, miezi mitatu ya mwanzo hadi sita ndiyo yenye kasi, kwa hiyo kinachokutisha sasa ni kasi kupungua. Mwili haujafunga mlango. Nimeona watu wanaoongeza kitu mwaka wa pili, kwa sharti la kutumia ule upande kila siku, hata kwa kushika kikombe kisicho na kitu.

Niwaombe wote mnaosoma: msimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza mnapomwinua. Bega halina misuli yenye nguvu ya kulishikilia, linateguka, na maumivu yake yatamfanya akatae mazoezi yote. Mshike kiunoni. Shati lianzie mkono mgonjwa kuvaa, na kuvua uanzie mkono mzima. Fimbo ishikwe upande mzima, watu wengi wanakosea hapo. Vidole vilivyojikunja vinyoosheni taratibu kwa kuvishikilia, bila kuvikurupusha, mara kadhaa kwa siku. Na chakula asipewe amelala. Akae wima, kijiko kidogo, uji mzito ni afadhali kuliko maji, na akikohoa kila anapomeza rudini hospitali, maana chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Mleta mada, fimbo anayo? Anatumia ya namna gani?

Kijana wa Mwandiga

Baba yangu alianguka kutoka juu ya mchikichi mwaka 2019. Alikuwa anakata mkungu, kamba ikaachia. Tulimbeba watu wanne, huyu miguu, huyu mabega, tukampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Leo najua kwamba aliyeanguka hivyo halazimishwi kukaa. Analazwa juu ya ubao au mlango, kichwa na mgongo vimenyooka, anabebwa kama alivyo. Sijui kama ingebadilisha kitu. Nalifikiria kila nikipita kwenye mti ule.

Nasema ukweli kwa wanaosoma wakiwa na tumaini moja tu: baba hakutembea. Miaka miwili nyumba nzima ilikuwa inamuuliza mguu, umesikia kitu leo? Vipi leo? Akawa kila asubuhi anaanza siku kwa kufeli mtihani. Siku moja akasema, "Niulizeni kitu kingine." Mama ndiye alimwelewa. Alimsogezea ungo wa chikichi zilizokatwa kwenye mkungu, azichambue. Siku hizi yeye ndiye msimamizi wa mawese ya nyumba: anajua madebe mangapi yameuzwa, nani anadaiwa. Ana kiti cha magurudumu, na choo tuliinua kwa matofali, kaka akatoboa kiti cha mbao katikati. Mkono umekuwa na nguvu kuliko wangu.

Kwa hiyo swali lako la miezi isiyosogea, jibu langu ni hilo la mama. Mtafutieni kazi.

Mwana wa Kaliua

Mfupi tu. Wa kwetu miguu ililegea taratibu ndani ya miezi, mgongo unauma, kakonda, jasho usiku. Tukazunguka sana kwa waganga, mbuzi wawili walienda huko. Ilikuwa TB ya uti wa mgongo. Dawa mwaka mzima, za bure, mwezi wa nane akasimama na magongo. Si kila kupooza ni kiharusi, apimwe kwanza.

Mtoto wa fundi reli, Kigoma mjini

Baba yangu alipona. Naandika hivyo makusudi. Baada ya mwaka na nusu alikuwa anatembea mwenyewe hadi stesheni kuwasalimia wenzake. Presha ikawa inasoma vizuri, 130 kwa 80, akasema vidonge vya nini tena, nimepona. Sisi tulikubali, tulikuwa tumechoka kununua. Miezi minne baadaye kiharusi kilimrudia, na hakuamka. Presha ilikuwa inasoma vizuri kwa sababu ya vile vidonge. Mleta mada, hata akianza kukimbia, dawa isiachwe.

Mleta mada

Poleni nyote, na asanteni. Ndugu wa fundi reli, tumemsomea yasini mzee wako jana.

Jumatatu tunakwenda kumweleza daktari kuhusu kulia. Na baada ya kusoma alichoandika kijana wa Mwandiga nilimpigia simu mmoja wa wenzake wa Kibirizi. Alileta boti dogo la kuchezea la watoto, halijapigwa msasa, akamwekea mapajani. Baba alilishika kwa kushoto, akaubana mkono wa kulia juu yake kama kizuizi, akaanza kusugua. Amelifanyia kazi tangu adhuhuri mpaka magharibi, mama alimnyang'anya ili ale.

Mtaalamu, umeuliza kuhusu fimbo. Anatumia mti wa ufagio tu. Nilikuwa namsomea baba swali lako kwa sauti, nikamwambia, baba, wanauliza fimbo yako ni ya namna gani, tukuchongeshee ya mti gani? Nilikuwa nimeshazoea, nikawa nataka kuendelea kusoma. Akanishika kifundo cha mkono ninyamaze. Akakaza macho muda mrefu, midomo inatafuta.

"Mninga," akasema.

Dada wa Isevya, kama kuna fundi Tabora mwenye kipande kikavu, naomba uniulizie bei. Tutakipokea kwa treni.