Naomba ushauri: zawadi za Krismasi nianze kununua lini?

Wakuu, habari zenu, na shikamooni wakubwa. Mwaka huu naenda kula Krismasi nyumbani Rombo. Nataka mama apate blanketi zito, maana kule juu baridi haina mzaha, na kitenge cha maana. Watoto wa kaka zangu nguo na viatu. Kariakoo ikifika katikati ya Desemba hapapitiki, na nguo za watoto zinapanda bei. Nawaza kuanza Oktoba, kidogo kidogo kila mshahara, ili hela ya ada ya Januari isiguswe. Ila watoto wanakua haraka, kiatu cha Oktoba kinaweza kuwabana. Wenye uzoefu, kipi mnanunua mapema na kipi mnasubiri? Na mzigo mnautanguliza kwa basi au mnasafiri nao?