Mrejesho: nimechukua alumini

Wadau, salaam. Niliwauliza nijinyime nipate baiskeli ya resi ya kaboni ya mtumba, au nichukue alumini mpya ya bei nafuu kidogo. Wengi mlisema kaboni. Ahsanteni, lakini nimechukua alumini.

Ile kaboni niliipeleka kwa fundi wangu Kongowea, hapa Mombasa. Akatoa sarafu, akaigonga fremu polepole toka juu. Ilikuwa ikilia kavu, tik, tik, mpaka karibu na ekseli ya pedali ikajibu sauti butu, dalili kwamba huenda kaboni imeachana kwa ndani. Rangi hapo haina hata mkwaruzo! Muuzaji akasema ndivyo zilivyo. Haya. Bomba la kiti nalo, la alumini, limeng'ang'ania ndani ya fremu, halizunguki wala halichomoki. Kwa chumvi hii yetu ya pwani, alumini ikigusana na kaboni bila kitu cha kuzitenganisha, huliwa upesi.

Hii yangu ni fremu ya alumini, uma wa mbele wa kaboni, gia za Shimano 105, tairi za milimita 28. Uzito umezidi kidogo. Nauhisi kwenye mpando wa Mazeras, kwingine sina habari nao. Njia ya Mtwapa, nikipunguza upepo kidogo, tairi zinameza mitetemo vizuri. Aliyenitisha kwamba alumini itaniumiza mgongo: mgongo upo, mzima.

Chenji imeingia kwenye viatu na pedali zake. Anayeitaka ile kaboni aniulize, nitamwonyesha pa kugonga.