Tunahama Mombasa: tuchukue shamba la Mambrui, la Jilore au la Msabaha?

Mstaafu wa Changamwe anauliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi na mke wangu tumeishi Mombasa tangu ujana, na kwa kuwa kazi yangu ya bandarini inafikia ukingoni, tumekubaliana kwamba hatutazeekea katika nyumba ya kupanga Changamwe, ambako maji ya mfereji hutoka usiku wa manane na malori hayalali. Tunataka shamba upande wa Malindi: mahali pa kupanda miembe na mboga, kufuga kuku na mbuzi wachache, na wajukuu wapate pa kukimbia wakati wa likizo.

Dalali ametuonyesha mahali patatu. Pa kwanza ni Mambrui, ekari mbili zenye minazi iliyokomaa na upepo wa bahari, na pembeni mna nyumba mbili za udongo zenye watu, ambao dalali amesema kwamba si tatizo, wataondoka. Pa pili ni Jilore, ekari tano ukingoni mwa Mto Sabaki, udongo mweusi wa kuvutia, na kwa ekari bei yake ndiyo ya chini kuliko zote. Pa tatu ni Msabaha, ekari moja na nusu karibu na barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Pana hatimiliki, hapana mti wa maana ila mikorosho mizee, na bei yake inatisha. Mke wangu anapenda Mambrui, mimi naelekea Jilore, na dalali anatuharakisha. Mwenye kuyajua mambo haya atueleze tutazame nini kwanza.

Mwana wa Mambrui anajibu:

Waalaykum salaam, mzee wangu. Karibu kwetu, lakini kabla ya kukukaribisha chai acha nikukaribishe kisimani. Karibu na bahari, maji matamu ya chini ya ardhi ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi. Anayeteka kwa ndoo kisima humvumilia miaka mingi. Siku atakapotia pampu na kuvuta kutwa nzima ili amwagilie bustani, chumvi hupanda kutoka chini na haishuki upesi. Kwa sababu hiyo usiridhike na kuonja maji mwezi wa Juni baada ya masika, wakati hata visima vibovu huwa na adabu. Njoo mwishoni mwa kaskazi, Februari au Machi, uonje kisima cha shamba lenyewe na vya majirani wa pande zote, kisha ufue leso kwa sabuni ya kipande uone kama povu linatoka au linakataa.

Minazi iliyokomaa isikudanganye, kwa maana mnazi huvumilia chumvi ambayo mimea mingine haiwezi. Ushahidi utafute kwa mgomba na maharagwe. Ukiona mgomba uliomwagiliwa vizuri lakini majani yake yameungua kingoni, kahawia na makavu kama yaliyopitishwa motoni, usiulize tena habari za maji ya hapo. Na ukikusudia kuchimba kisima kirefu cha mashine, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji hutangulia, asikwambie mtu kwamba utakipata baadaye.

Ukilipenda shamba na maji yake yakawa ya mashaka, bado mvua ipo. Ndugu zetu wa Pate na vijiji vya visiwa vya Lamu wamekuwa wakijenga majabia ya kukinga maji ya mvua kwa sababu visima vyao vingi ni vya chumvi. Hesabu yake ni nyepesi: paa la mabati la mita za mraba 100 hupokea lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua, na Malindi hunyesha takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Hata ukiondoa yanayomwagika na yanayokauka, mzee na mkewe hawakosi maji ya kunywa na ya kupikia, mradi tangi liwe kubwa la kuwavusha kiangazi. Jambo moja tu: mke wako akitaka paa la makuti, na najua atalitaka, nyumba hiyo haitakinga maji ya kunywa. Jengeni banda la mabati pembeni kwa kazi hiyo.

Mama wa Gede anajibu:

Shikamoo mzee. Mimi natetea Msabaha, ingawa sina faida yoyote katika biashara hiyo. Watu wa mjini hununua ekari kwa macho, na baada ya masika ya kwanza ndipo wanapogundua kwamba palizi haina mwisho. Ekari tano kwa watu wawili waliokwisha kustaafu maana yake ni vibarua wa kila msimu, na vibarua wanataka kusimamiwa na kulipwa hata mwaka ambao mahindi yameshindwa. Ekari moja na nusu iliyotunzwa, yenye miembe michache, minazi, mihogo na bustani ya mboga karibu na jiko, huwashibisha watu na wakabaki na cha kumpa jirani.

Hata hivyo usiinunue kabla ya kuchimbua. Ukanda huu wetu una sehemu ambazo mwamba wa matumbawe uko chini ya udongo wa kina cha jembe tu: majani juu yanapendeza, lakini mwembe hauzamishi mizizi na shimo la choo huchimbwa kwa nyundo na patasi, kwa gharama ambayo dalali hakuitaja. Mlipe kijana achimbe mashimo matano, moja kila pembe na moja katikati, yafike kiunoni, na wewe usimame hapo uone kinachotoka. Mikorosho mizee usiidharau. Ikipogolewa vizuri huzaa tena, na kule kustawi kwake miaka yote hiyo ni dalili kwamba udongo una kina na hautuamishi maji.

Kwa upande wa Jilore, kumbuka kwamba utakuwa jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, msitu mkubwa kuliko yote ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki. Sisi wa Gede tunao upande wa pili na tunaupenda. Wapo majirani zangu wanaofuga vipepeo na kuuza pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga kabla ya kuwa vipepeo, kupitia mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993. Lakini tumbili na nyani hawajui mpaka wa shamba, na mahindi yakianza kukomaa lazima awepo mtu wa kulinda tangu alfajiri. Ndovu nao wamo msituni, kwa hiyo waulize wanakijiji, si dalali, ni lini mara ya mwisho walitoka.

Mengine ni mafupi. Nenda mwezi wa Mei uone kama gari linapita. Uliza transfoma ya umeme iko umbali gani, kwa kuwa mpango wa serikali wa kuunganisha nyumba za vijijini ulilenga walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na aliye mbali zaidi huenda akajigharimia nguzo. Na mjiulize, mmoja wenu akiugua saa nane za usiku, ni nani atakayekuja na tuktuk au gari, na atafika Malindi kwa muda gani.

Karani Mstaafu anajibu:

Ndugu Mstaafu, wenzangu wamesema kweli, lakini katika maelezo yako kuna neno ulilolipitia haraka ambalo mimi siwezi kulipita: zile nyumba mbili za Mambrui na wale watu ambao dalali anasema wataondoka. Nimefanya kazi ya makaratasi ya ardhi muda mrefu, na kama ungeniuliza jambo moja tu la kutazama katika shamba la mwambao huu, ningekwambia tazama nani analala hapo.

Chanzo chake ni cha zamani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye madai katika ukanda wa maili kumi wa pwani ayapeleke yasikilizwe na kuandikishwa. Waliofaidika walikuwa zaidi Waarabu na Waswahili wenye mali waliokuwa karibu na ofisi na mahakama. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni, na Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima humo wakabaki bila karatasi. Ndiyo maana hadi leo unaweza kukuta hati isiyo na doa mikononi mwa mtu aishiye mbali, na juu ya ardhi hiyohiyo familia iitwayo maskwota ingawa makaburi ya babu zao yako hapo. Ukiona kigango kimesimama shambani, kile kigogo kilichochongwa ambacho Wagiriama humsimamishia mzee wao wa heshima aliyefariki, fahamu kwamba unaingia katika ardhi yenye wenyewe, lolote lisemwalo na hati.

Sheria nayo ina la kusema. Mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani kuomba atambuliwe kuwa mmiliki, na kubadilika kwa jina kwenye hati hakumfutii miaka aliyokwisha kukaa. Kwa hiyo ukinunua Mambrui bila kuzungumza na nyumba zile mbili, huenda ukawa umenunua kesi. Halafu kuna miti. Huku kwetu mnazi unaweza kuwa na mwenyewe ambaye siye mwenye ardhi, aliyeupanda yeye au baba yake, na ambaye kila baada ya miezi michache huja na mkwezi wake kuangua. Mkataba wowote wa shamba lenye miti utaje miti hiyo kwa aina na idadi, na aliyeipanda atie sahihi kwamba amelipwa.

Kuhusu Msabaha, kuwepo kwa hati ni mwanzo mzuri lakini si mwisho wa kazi. Katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyoamuliwa mwaka 2023, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hati haimlindi mnunuzi iwapo ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, na kwamba mnunuzi anapaswa kuchunguza hati hiyo ilizaliwaje. Fanya upekuzi katika masjala ya ardhi, kisha umwombe wakili afuatilie historia yake hadi mmiliki wa kwanza. Mpeleke mpimaji wako mwenyewe, asiwe wa dalali, atafute alama za mpaka na kuzilinganisha na ramani, kwa sababu nimeona watu wakionyeshwa shamba zuri na kuuziwa namba ya shamba la jirani.

Makubaliano ya mbele ya chifu yana faida ya ushahidi wa kijijini, lakini hayahamishi umiliki. Mkataba uwe wa maandishi, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Kama muuzaji ana mke au mume, idhini yake iandikwe. Na kwa kuwa ni ardhi ya kilimo, ombi la kibali lipelekwe kwa Bodi ya Ardhi, ile inayodhibiti uuzaji wa ardhi ya kilimo, ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mapatano yote huwa batili. Weka pia fedha za ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa iliyo ndani ya manispaa. Fedha zipitie kwa wakili. Anayekuharakisha ana sababu zake, nawe huna wajibu wa kuzibeba.

Mkulima wa Sabaki anajibu:

Naona Jilore imekosa mtetezi. Udongo wa mto ndio unaolisha Malindi mboga, na mimi siwezi kuubadilisha kwa mchanga wa barabarani. Ila hakuna mwenyeji anayejenga kule chini. Nyumba huwa juu kwenye mwinuko, na shamba bondeni. Waulize wazee maji yalifika wapi mwaka 1997 na mwaka 2023, watakuonyesha kwa kidole, na pengine utaona mwenyewe mstari wa matope ulioganda kwenye mashina ya miti. Ukanda wa ukingo, kati ya mita 6 na 30 kutegemea mto, umehifadhiwa kisheria, kwa hiyo si ekari zote tano zitakuwa zako kufanya upendavyo. Viboko nao hupanda usiku. Kama katika ekari hizo hamna kipande cha juu cha nyumba, liache.

Mstaafu wa Changamwe:

Nawashukuru sana. Tulikwenda Mambrui bila dalali, na mama mmoja wa zile nyumba akatuonyesha safu ya minazi aliyoipanda marehemu mumewe, na kaburi lake upande wa kusini. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba shamba linauzwa. Mke wangu amesema hilo limekwisha, nami nakubali. Jilore hakuna kipande cha juu. Tumebaki na Msabaha, lakini roho yangu bado iko kwenye udongo ule mweusi. Je, naweza kukaa Msabaha na kukodi kipande cha bondeni kwa ajili ya mboga?

Karani Mstaafu:

Unaweza, na wengi hufanya hivyo. Kodi kipindi cha kiangazi kwanza, baada ya mafuriko kupungua, ukubaliane kwa maandishi nani anamiliki pampu na mabomba na nani atavuna kilichobaki shambani muda ukiisha. Ukitaka mkataba wa miaka, jua kwamba kukodisha ardhi ya kilimo nako kunahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi, sawa na kuuza. Na kuhusu bei ya Msabaha, mtafute muuzaji mwenyewe mkae naye. Nina shaka kwamba sehemu ya hiyo bei inayokutisha ni ya dalali.