Ushauri: Probox inashika breki, nataka kufungua kalipa mwenyewe nyumbani

Mwanga_Kgm: Wakuu, salaam. Probox yangu inashika breki, yaani breki haziachii hata nikitoa mguu kwenye pedali. Nikitoka Mwanga kwenda Ujiji, hapa Kigoma, nikifika rimu za mbele zote mbili hazishikiki kwa moto na gari limekuwa zito. Nataka kufungua kalipa zote nne (vile vifaa vyenye pistoni vinavyobana pedi kwenye diski) nizisafishe, nibadilishe na mipira. Seti ya mipira nimeshanunua. Nianzie wapi? Jumamosi nina safari ya Kasulu.

Spana14: Tafuta sehemu tambarare, weka mawe matairi ya nyuma, piga jeki kisha egesha gari kwenye stendi. Kalipa ukiifungua itundike kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa paipu yake. Weka kipande cha mbao mbele ya pistoni, kanyaga pedali taratibu mpaka itoke. Vidole mbali. Mpira wa ndani utoe kwa kijiti, siyo bisibisi; ukikwaruza mfereji wake itavuja. Mpira huo ndio unaoirudisha pistoni ukiachia pedali, kwa hiyo ukikakamaa breki inashika. Osha kwa spiriti au mafuta mapya ya breki, petroli hapana. Pistoni yenye vishimo vya kutu usihangaike nayo na msasa, nunua nyingine. Pini zipake grisi ya silikoni. Grisi ya bearing inavimbisha mipira yake na pini inakwama.

Gungu_Juu: Pedi umeziangalia? Ya ndani na ya nje zikipishana sana unene, pini au pistoni imekwama. Zikibaki milimita 3 badilisha.

BintiUjiji: Kaka, breki ni roho za watu. Ule mteremko wa kushuka stesheni si wa kujaribia ufundi. Mpe fundi.

Reli_ya_Kati: Mkuu, ngoja kwanza. Mbele zote mbili zimekwama kwa pamoja? Kutu haifanyi hivyo. Kwenye kopo la mafuta ya breki uliongeza nini?

Mwanga_Kgm: Yalipungua, nikaongeza kidogo. Mafuta ya kawaida tu.

Reli_ya_Kati: Yapi? Chupa imeandikwaje?

Mwanga_Kgm: Ya steringi, yale mekundu. Kidogo sana, na gari lilitembea vizuri tu baada ya hapo. Sidhani kama ndiyo sababu. Halafu seti nimeshailipia.

Spana14: Hii stori umeitunga. Probox nyuma ina breki za ngoma, siyo za diski na kalipa. Kalipa nne umezitoa wapi?

Mwanga_Kgm: Sijatunga mkuu. Nyuma sijawahi kufungua, nilijua zinafanana na za mbele.

Reli_ya_Kati: Muache, dalili zake ni za kweli kabisa. Mwanga, fungua mfuniko wa kopo uangalie mpira wake wa ndani. Ukiwa umevimba na kulegea, haukai tena kwenye nafasi yake, jibu umepata. Mipira ya breki haivumilii mafuta yanayotokana na petroliamu, na ya steringi ni ya jamii hiyo. Ule wa master silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) ukivimba unaziba tundu la kurudishia mafuta, presha inabaki kwenye paipu na pedi haziachii. Jaribu hivi: gari likiwa limeshika, legeza nipo ya kalipa (ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta na upepo). Gurudumu likiachia, kalipa haina kosa, presha ndiyo imefungiwa.

Mwanga_Kgm: Mpira wa mfuniko umevimba kweli. Nikibadilisha mipira ya kalipa tu, nikamwaga yale mafuta, si itanifikisha Kasulu?

Reli_ya_Kati: Haitakufikisha. Mipira mipya itavimba kama ile, maana mabaki yamo kwenye mfumo mzima. Badilisha mipira ya master silinda, ya kalipa mbili, vikombe (mipira ya ndani) vya silinda za ngoma za nyuma, na paipu zote za mpira. Paipu za chuma zisukume spiriti, kisha upepo mpaka zikauke. Gari likiwa na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), kitengo chake nacho kimeshaguswa. Hapo hata mimi nasema fundi.

Spana14: Sawa, nimekuelewa. Ongezea washa (vipete) mpya za shaba kwenye bolti za paipu. Jaza mafuta ya breki ya DOT 3 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, maana hunyonya unyevu. Toa upepo uliobaki kwenye paipu ukianzia nyuma kushoto, ndiko mbali na master silinda, na kopo lisikauke.

Mwanga_Kgm: Basi Kasulu nitapanda basi. Vikombe vya nyuma nikaulize kwa saizi gani?

Spana14: Usiulize saizi. Toa kimoja cha zamani, kifute, nenda nacho dukani, na usome namba iliyochorwa kwenye silinda yenyewe. Kilichovimba kitakudanganya ukikilinganisha kwa macho.