Naomba ushauri: binti hasikii vizuri, na shuleni wote wana barakoa

Hamjambo wazazi wenzangu. Binti yangu wa Gredi ya 4 hasikii vizuri, husoma midomo. Yuko shule ya kibinafsi hapa Nakuru. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mwalimu wake wa mahitaji maalum alimtumia video kwa WhatsApp, tukasukuma hivyo hivyo. Wamerudi 12 Oktoba 2020, lakini mwalimu huyo hajaitwa kazini, ati pesa hakuna (na karo nimelipa yote!). Juzi mtoto alimshusha mwalimu wa hesabu barakoa kwa kidole aone anasema nini. Akapelekwa ofisini.

Barakoa zenye kidirisha cha plastiki zinapatikana wapi, au fundi anaweza kushona? Na kuna aliyeibana shule ya kibinafsi kuhusu jambo hili? Ulianzia wapi?